Mungu Alijua Kabla Yangu

Wanawake wengine huwaonea wivu wanawake wenzao. Mimi nilimwonea wivu Mungu. Wala sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Ulikuwa wivu wenyewe, wa kukunja uso na kubamiza sufuria, wa kumtazama mume wangu akifunga vifungo vya koti alfajiri na kujiuliza huko kwenye majani ya chai anaenda kumwambia nini huyo anayemwamkia kabla yangu. Mke mwenza wa kawaida ana dawa. Unaweza kumpita njiani usimsalimie, unaweza kumsema mtoni. Huyu wangu alikuwa Mwenyezi, na kijiji kizima kilikuwa upande wake.

Cha kuudhi zaidi, mimi ndiye niliyemwita. Kwa miaka mingi nilipiga magoti nikiomba mume wangu aache pombe. Nililia, nikafunga, nikawasumbua akina mama wa ushirika waniombee. Basi nikajibiwa. Haki ya nani, sijawahi kuona mtu akijibiwa kwa kipimo kile.

Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na mimi nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu. Mume wangu ni Mkipsigis, mwenye chai yake kidogo karibu na Kapkatet, aliyoachiwa na babake. Alikuwa hajui lugha yangu na mimi sijui yake, kwa hivyo tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na watoto tukawalea kwa hicho hicho. Kikipsigis nilijifunza baadaye, jikoni kwa mama mkwe: cha kuomba chumvi, cha kukaribisha wageni, cha kukemea ng'ombe. Hicho nakijua vizuri. Kile kirefu cha wazee nilikuwa nakishika mkia tu.

Mgala mwue na haki yake mpe: mume wangu akilewa alikuwa na maneno matamu. Alirudi jioni, akakaa kwa mlango wa jiko na kuniletea dunia nzima: nani amegombana na karani wa majani, mbuzi wa nani ameingia shule, mwalimu gani anamtaka nani. Nilimtukana huku nacheka. Pombe iliniibia mume mchana, lakini ilimrudisha na habari. Nilikuwa naichukia na nilikuwa naijua. Wueh, ningejua nitakuja kuikumbuka!

Jambo moja tu tulikuwa hatuliongei. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alifariki akiwa na miaka miwili. Nimonia. Ulikuwa msimu wa mvua, na mchana mmoja akaanza kupumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Nikamtuma baba yake sokoni akaite pikapu ya mwenye duka. Aliondoka saa sita. Alirudi saa kumi na moja, suruali imejaa matope mpaka magotini, akasema gari lilikwama darajani mpaka watu wakaja kulisukuma. Mtoto alitutoka njiani kabla hatujafika hospitali ya Kapkatet. Nililaumu mvua, nikalaumu daraja, nikalaumu serikali. Mwenye pikapu alihamia Sigor mwaka uliofuata na hatukumwona tena. Suruali ile niliifua mwenyewe baada ya mazishi.

Miaka kumi ilipita, na watoto wengine wawili wakaja. Kisha mume wangu akaokoka. Aliokokea kwenye mkutano wa injili sokoni, mchana kweupe, akiwa hajaonja kitu. Alirudi nyumbani na Biblia mpya kwapani, akanisalimia kwa mkono kama mgeni, akasema, "Bwana asifiwe." Nikarukaruka. Niliwapigia dada zangu wote simu.

Furaha hiyo ilinikaa kama miezi mitatu.

Kuanzia siku ile neno lake lilikuwa moja: Mungu kwanza. Alfajiri kabla ya chai, Mungu kwanza. Mezani aliombea ugali mpaka ukapoa, watoto wakimeza mate. Jumatano ilikuwa siku ya lori la kiwanda kuchukua majani upande wetu, na Jumatano hiyo hiyo ilikuwa siku ya ushirika wake. Saa nane ikifika aliweka kikapu chini katikati ya mstari, akapangusa mikono, akaenda. Mimi ndiye niliyebeba vikapu viwili kupanda kilima mpaka senta ya kupimia majani. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaniambia, "Mama, una bahati. Wangu saa hii yuko klabuni." Nikasema amina, meno yakiwa yameumana.

Niliumwa na jino siku tatu. Aliniombea kila asubuhi, mkono juu ya kichwa changu. Hakuniuliza hata mara moja ni jino gani.

Alikuwa na mahali pake pa kuombea, chini kabisa ya shamba, ambapo chai yetu inakutana na mikaratusi ya jirani. Nyasi zilikuwa zimekufa mahali anapopiga magoti. Asubuhi moja nilishuka kutafuta kuni, angalau hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikamsikia. Jameni! Mtu ambaye nyumbani alikuwa amebakiwa na maneno matatu, sawa, baadaye na Bwana asifiwe, kule alikuwa anamimina. Aliongea Kikipsigis cha kwao, kile kirefu, haraka haraka, mara analia, mara ananyamaza kama anayengoja jibu, mara anaanza tena. Nilisimama nyuma ya mti na kuni zangu mbili mkononi. Nilishika neno la mtoto. Nilishika neno la kosa. Mengine yalinipita. Kwa nini Mungu apewe yote hayo na mimi nipewe sawa na baadaye?

Nilimuuliza siku hiyo hiyo tukichuma.

"Baba watoto, unamwambia Mungu nini kila asubuhi?"

"Ni ya kati yangu na yeye."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe uko kwa maombi, mama watoto. Kila siku nakutaja."

"Sitaki kuwa kwa maombi! Nataka kuwa kwa mazungumzo!"

Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeokoka akimtazama ambaye bado, na mimi nilikuwa nimebatizwa kabla yake. Nikamgeuzia mgongo, nikachuma mstari mzima bila kuangalia kama nachuma majani mawili na kichipukizi au nachuma matawi. Karani alinirudishia nusu ya kikapu siku hiyo.

Mwaka wa pili wa wokovu wake kanisa likamchagua awe mzee wa kanisa. Kwetu mtu hawekwi kwenye nafasi hiyo hivi hivi. Kwanza husimama mbele ya watu akatoa ushuhuda: alikotoka, alichofanya gizani, alichotolewa. Na hatakiwi kuficha, kwa maana wanasema dhambi iliyofichwa ni mzizi unaobaki ardhini. Watu huja kwa wingi siku ya ushuhuda, na si wote wanaokuja kwa ajili ya Neno, tusidanganyane.

Nilimpigia pasi shati jeupe mwenyewe. Nilivaa kitambaa kipya cha kichwa. Nilikuwa najua ushuhuda wake wote, au nilidhani najua: pombe ya busaa, chang'aa, siku aliyolala kwenye mtaro, siku aliyouza kuku wa mama yake. Niliketi mbele, kiti cha pili, tayari kucheka mahali pa kuchekesha. Kusema kweli, nilikuwa na raha. Nilifikiri leo angalau nitasikia kitu.

Kanisa letu lina watu wa makabila mawili matatu, kwa hivyo anayeongea Kikipsigis hupewa mkalimani. Siku hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti nzuri, na kama wakalimani wote hakusema "anasema." Alisema "mimi." Mume wangu akisema neno, mwalimu analigeuza na kulifanya lake.

Wakaanza. Busaa, watu wakacheka. Mtaro, watu wakacheka zaidi. Kisha mume wangu akashika meza kwa mikono miwili, akasema sentensi moja kwa sauti ya chini. Nikaisikia, nikakataa kuielewa. Vichwa vya Wakipsigis vikageuka vyote kunitazama. Halafu mwalimu akasema kwa Kiswahili safi, "Mimi, gari halikukwama." Na sasa vichwa vilivyobaki, vya watu wetu wa Kisii na Waluhya, navyo vikageuka.

Niliyasikia mambo hayo mara mbili kila moja. Kwamba pikapu ilikuwepo dukani na mwenye gari alikuwepo. Kwamba kabla ya kufika dukani alipita klabuni, kikombe kimoja tu cha kutia moyo nguvu, kwa sababu alikuwa anaogopa jinsi mtoto alivyokuwa anapumua. Kwamba kikombe kilizaa kingine. Kwamba alipozinduka ilikuwa jioni, akamkimbilia mwenye pikapu, na pale darajani alimwomba asimamishe, akashuka, akaingia kwenye matope, akajipaka mpaka magotini. Mwalimu alikuwa analia sasa, lakini aliendelea, mtu wa kazi yake. "Mke wangu hajui jambo hili," akasema. "Nimemwambia Mungu. Nimemwambia mchungaji. Leo nawaambia nyinyi watakatifu."

Kanisa likalipuka. Akina mama walilia kwa sauti, wanaume wakapiga makofi, mtu akaanzisha pambio. Mchungaji alimkumbatia mume wangu na kupaza sauti: "Ndugu, umesamehewa! Umesamehewa kabisa!"

Nikajiuliza, na nani?

Hapo ndipo wivu wangu ulipata jina. Mtoto nilimzaa mimi. Nilimshika mimi zile saa tano, nikimhesabia pumzi na kutazama njia. Kama kulikuwa na msamaha wa kutolewa, ulikuwa wangu kuutoa au kuukataa, na sasa umetolewa mbele yangu, na watu wanaupigia makofi, mimi nimekaa na kitambaa changu kipya sijaulizwa. Mungu alikuwa amechukua asubuhi zake, Jumatano zake, machozi yake, na sasa akachukua na hilo.

Kama ilivyo desturi, mke aliitwa mbele asimame na mumewe waombewe. Nilienda. Mume wangu hakuniangalia usoni. Mchungaji akaniwekea kipaza sauti mdomoni ili nami niseme neno la shukrani.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mambo haya nimeyasikia leo, pamoja na nyinyi."

Walingoja sentensi nyingine. Sikuwa na nyingine. Nikarudisha kipaza sauti, nikatoka kwa mlango wa kando, nikatembea mpaka nyumbani na viatu mkononi.

Akina mama wa ushirika walinifuata mchana huo. Nikawapikia chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akikuudhi. "Mshukuru Mungu, ameyaweka wazi," wakasema. "Shetani ameaibika." Nilitaka kuwauliza, shetani peke yake? Jioni mama mkwe alikuja, akakaa juu ya kigoda, akachambua maharagwe yangu. Kisha akasema, "Hata mimi hakuniambia." Ni aibu kuandika hili, lakini nitaliandika: lilinifariji. Angalau hakuniweka nyuma ya mama yake.

Mume wangu alikuja mwisho, watoto walipokuwa wameenda kukamua.

"Nilifanya kama tulivyofundishwa," akasema. "Mungu kwanza."

"Mungu alikuwa anajua!" Nilipiga kelele mpaka ng'ombe akastuka nje. "Mungu alikuwa huko klabuni akikuona unakunywa. Alikuwa darajani akikuona unajipaka matope. Unaenda kumpa habari mtu mwenye habari? Asiyejua alikuwa mmoja tu, na nilikuwa hapa, nakufulia ile suruali!"

Akakaa chini, sakafuni.

Asubuhi iliyofuata alivaa koti kama kawaida akashuka shambani. Nikasema moyoni, haya, nenda kwa mwenzako. Lakini hata moto haujashika vizuri, nikamwona anarudi. Alisimama kwa mlango wa jiko, umande umelowesha suruali.

"Nimejaribu kuomba, imekataa," akasema. "Naweza kukuambia wewe?"

Akaniambia kwa Kiswahili, bila mkalimani, pole pole, mara akikosa neno na kulitafuta. Ilikuwa mbaya kuliko kanisani. Kanisani kulikuwa na pambio. Nilimuuliza kila kitu: alikaa kiti gani, alikuwa na nani, walikuwa wanaongea nini, kama alicheka. Alisema ndiyo, alicheka mara moja. Nilimfukuza na mwiko.

Kesho yake akaja tena, nikamuuliza tena. Na siku iliyofuata. Alienda kwa mchungaji akamwambia uzee wa kanisa ungoje kwanza. Mchungaji hakufurahi, sherehe ilikuwa imeshapangwa. Jumatano aliendelea kuchuma mpaka mstari wa mwisho, akabeba vikapu viwili mpaka senta, kisha ndipo akaenda ushirika, amechelewa na jasho. Mimi sikumwambia asante.

Na Mungu je? Na yeye sikumwacha. Mume wangu akishatoka jikoni, mimi nilibaki mbele ya meko na kumwambia Mungu yangu. Si kwa ile sala ya kukariri niliyofundishwa sunday school. Nilimwambia, Wewe ulijua. Miaka yote hiyo nilikuwa nakuomba mvua isinyeshe sana, nikakusamehe ubovu wa barabara, nikakusamehe daraja, na Ulikuwa unajua, Ukanyamaza. Unamchukua mume wangu, unamsikiliza kila siku, na mimi hunitumii hata ndoto? Nilimwambia maneno ambayo ningempiga mtoto wangu akiyasema. Nilianza kuamka mapema kidogo ili niyapate yote kabla watoto hawajaamka. Ndivyo na mimi nilivyokuja kumweka Mungu kwanza asubuhi, kwa ugomvi. Mtu akiniuliza wokovu wangu wa kweli ulianza lini, sitataja ule ubatizo wa mtoni. Nitataja miezi hiyo ya kufoka mbele ya moto, na yule niliyemfokea hakuondoka.

Sikumsamehe mume wangu haraka, na wasiosamehe haraka sitawalaumu. Ushirika ulitutaja kila wiki. Kila Jumapili mchungaji alinishika mkono na kuuliza, "Mama, bado?" kama anayeuliza mahindi kama yameiva. Ndani yangu niliuficha ule msamaha hata nilipohisi umeanza kukomaa, nikaufinya, nikaulinda, maana ulikuwa kitu cha mwisho kilichokuwa changu peke yangu, na niliogopa nikiupeleka kwenye maombi utatangazwa.

Ulitoka siku ya kawaida kabisa. Tulikuwa tunachuma, yeye mstari mmoja na mimi wa pili, manyunyu yakianza. Alikuwa anaimba chini chini kisha akaacha, akasema bila kuniangalia, "Leo angekuwa amemaliza shule ya msingi." Hakuwa amemtaja Mungu, wala neema, wala damu ya Mwanakondoo. Alikuwa amehesabu miaka ya mtoto, kumbe, kama mimi ninavyohesabu. Nilidhani nahesabu peke yangu.

Nikasimama. Nikasema, "Nimekusamehe." Hata mimi nilistuka. Sikuwa nimeliombea, sikuwa nimemwambia Mungu kwamba nitalisema. Mume wangu alikaa chini kati ya mistari, kikapu bado mgongoni, majani yakamwagika yote, na sikumkemea.

Wiki hiyo mchungaji alifika nyumbani. Sijui aliona nini usoni pangu, lakini alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza akasema, "Mama, hili ni jambo la kumtukuza Mungu. Jumapili utasimama utoe ushuhuda. Mwalimu atakutafsiria."

"Hapana, mchungaji," nikasema. "Aliyetakiwa kusikia ameshasikia."

Nikamwongezea chai.